Pinda Kushoto Bwawani

Kila siku akitoka shule, Ramani alivua sare, akala, akanawa mikono vizuri, kisha akaketi kibarazani kushona vifungo. Kunawa mikono halikuwa jambo la hiari. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kwa fundi cherehani doa la mafuta kwenye gauni la mteja ni msiba.

Kibaraza chao kilikuwa kwenye njia panda. Njia moja ilikwenda sokoni, nyingine ilikwenda stendi, na ya tatu ilipanda mlimani. Kwa hiyo mtu yeyote aliyepotea mjini aliishia pale pale, mbele ya cherehani, akifuta jasho na kuuliza. Mama alikuwa na kazi nyingi, mdomo umejaa pini, hawezi kujibu. Aliyejibu ni mtoto. Tangu akiwa mdogo kabisa, hajaanza hata shule, aliweza kumshika mgeni mkono na kumfikisha mlangoni kwa mwenyeji wake. Majirani wakamwita Ramani, na jina likamganda. Hata mwalimu wa darasa lake alilitumia, akalizoea, na siku ya kuandika ripoti ikabidi aulize, "Hivi wewe jina lako hasa ni nani?"

Ramani alilipenda jina hilo kupita kiasi. Mwingine hupendwa kwa sauti nzuri, mwingine kwa mbio. Yeye alipendwa kwa kujua njia.

Sasa, wenyeji wa mji ule walikuwa na tabia moja ya ajabu, na wao wenyewe hawakujua kama wanayo. Walipomwelekeza mtu, walitaja vitu ambavyo havipo. Walisema, "Panda mpaka kwenye mashine ya kusaga," na mashine yenyewe ilishang'olewa zamani, pale sasa pana saluni. Walisema, "Pita kwa fundi saa," na fundi saa alishahamia kwa watoto wake, dukani kwake panauzwa simu. Walisema, "Ukifika bwawani pinda kushoto." Bwawa! Bwawa lilifukiwa kwa kifusi mwaka ilipojengwa barabara ya lami, na juu yake zikapangwa nyumba za vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango. Lakini mwenyeji yeyote ukimwambia bwawa halipo, atakutazama kama mtu asiye na adabu. Bwawani ni bwawani, bwana.

Kwa wenyeji haikuwa shida, maana wote walikumbuka vitu vile vile. Shida ilikuja na barabara. Baada ya barabara kikaja kiwanda cha vigae, na baada ya kiwanda wakaja watu. Walikuja na magodoro, na masufuria yaliyofungwa kwa kamba, na watoto wamelala mabegani. Mashamba ya mlimani yakakatwa viwanja, viwanja vikaota nyumba, na kabla wenyeji hawajamaliza kushangaa, kule juu kulikuwa na watu wengi kuliko huku chini. Siku moja bwana mmoja alipanda na debe la mahindi kichwani, ameelekezwa kwenye mashine ya kusaga. Akaingia nalo mpaka ndani ya saluni. Wanawake walicheka hadi wengine wakamwaga rangi ya nywele, na hadithi hiyo ilisimuliwa mjini mwezi mzima. Hakuna aliyejiuliza yule bwana alisaga wapi mahindi yake.

Shuleni nako ilikuwa hivyo hivyo. Dawati la watoto watatu lilikaliwa na watano, na aliyekaa mwisho alikuwa na nusu ya kitako hewani. Mtoto mpya wa kwanza alipoingia darasani walimwita Mgeni. Akaja wa pili, ikabidi aitwe Mgeni Mfupi. Wakaendelea kuja mpaka majina yakawaishia. Msichana mmoja alikosa dawati kabisa, akawa anakaa kwenye ukingo wa dirisha, daftari juu ya magoti. Huyo wakamwita Wa Dirishani.

Ramani hakuwa na ugomvi na Wa Dirishani, ila hakuwa na habari naye pia. "Wageni wamezidi," alimwambia mama yake jioni moja. "Hata kuandika siwezi, kiwiko changu kiko mgongoni kwa mtu."

Mama alitoa pini mdomoni. "Na wao viwiko vyao viko wapi?" akauliza, akarudisha pini, akaendelea kukata kitambaa.

Basi siku moja mama alikwenda sokoni kununua uzi. Kibarazani alibaki Ramani, pamoja na wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao. Akaja mwanamke aliyevaa sare ya nesi, begi begani, mkononi ana mizani ile ndogo ya kupimia watoto. Viatu vyake vilikuwa vyeupe bado. Hiyo ilitosha kuonyesha kwamba hajakaa siku nyingi katika mji ule.

"Hamjambo hapa? Nimeambiwa kuna mtoto anaitwa Ramani, anajua kila nyumba."

"Shikamoo. Ni mimi," alisema Ramani, na shingo yake ikarefuka kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali. Mimi ni nesi mpya pale zahanati, mwenzangu aliyekuwa akizungukia majumbani amehamishwa juzi. Namtafuta mama mmoja aliyejifungua mtoto njiti, mtoto wa kabla ya siku zake. Lazima nimpime leo. Anakaa kule juu, nyumba yenye geti la mabati, jirani na wanapofyatua matofali."

Wale wateja wawili wakamgeukia Ramani, wakitabasamu, wanasubiri kuona kipaji.

Ramani alikuwa hajui. Kule juu alikuwa hajawahi kufika. Mji aliokuwa akiujua uliishia bwawani, na zaidi ya hapo aliona mabati tu yaking'aa mchana. Neno "sijui" lilimjia, likafika kooni, likakwama. Angelisemaje mbele za watu? Ramani gani hiyo isiyojua?

"Ni rahisi tu," akasema. "Panda na njia hii mpaka kwenye mashine ya kusaga. Ukishapita, nenda mpaka bwawani, pinda kushoto. Ni pale pale mbele. Ukikwama ulizia, kila mtu anapajua."

"Mashine, bwawani, kushoto," nesi alirudia. "Ahsante sana. Mungu akukuze."

Akapanda zake na mizani yake. Wateja wakasema, "Huyu mtoto ana kichwa!" Ramani akainamia kifungo chake, lakini sindano ilimchoma kidole, na kwa mara ya kwanza zile sifa hazikumnoga.

Mama aliporudi aliuliza kama kuna aliyepita.

"Nesi mpya. Nimemwelekeza."

"Vizuri," alisema mama. Yakaishia hapo.

Kesho yake shuleni, Wa Dirishani alisinzia. Kusinzia kwenye dawati si kitu, lakini kusinzia kwenye ukingo wa dirisha ni kutafuta kuvunjika shingo. Mwalimu alimshika bega kabla hajaanguka, akamwambia atoke akanawe uso. Wakati wa mapumziko Ramani alimkuta amekaa peke yake ukutani, macho mekundu.

"Vipi? Hukulala?"

"Tulikuwa tunapokezana na mama kumshika mdogo wangu," alisema Wa Dirishani. "Amezaliwa mdogo, mdogo kabisa, kichwa chake unakishika kwa kiganja. Tangu jana hanyonyi vizuri, na miguu yake ina baridi. Nesi alikuwa aje jana. Mama akasema tusitoke hata kidogo, asije akatukosa. Tumekaa mlangoni mpaka giza. Hakuja."

Ramani akaketi kando yake. "Baba yako je?"

"Yuko zamu kiwandani. Mama anasema tumsubiri nesi leo tena, labda jana alikuwa na kazi nyingi."

"Nyumba yenu... ina geti la mabati?"

"Ndiyo. Jirani na matofali. Umejuaje?"

Hapo Ramani alinyamaza. Na tuseme ukweli, kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna mtu duniani aliyejua. Nesi angedhani amekosea njia mwenyewe, Wa Dirishani angedhani nesi alikuwa na kazi, na Ramani angebaki Ramani. Alichotakiwa kufanya ni kusema "pole" na kwenda kucheza. Akawatazama wenzake wakirukaruka uwanjani. Kisha akakiona kile kiganja cha Wa Dirishani, ambacho msichana yule alikuwa bado amekikunja, kama vile ameshika kichwa cha mdogo wake.

"Nimempoteza mimi," alisema.

"Nani?"

"Nesi. Alikuja kwetu kuuliza. Sikujua nyumba yenu, nikamwelekeza tu."

Wa Dirishani alimkazia macho. Ramani alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli angeona nafuu akitukanwa. Lakini yule msichana alisimama, akakung'uta sketi yake. "Basi twende," akasema. "Zahanati iko wapi? Hiyo unaijua?"

"Hiyo naijua."

Walimweleza mwalimu, naye hakuuliza maswali mengi. "Kimbieni," alisema, "lakini mpitie kwa mama yako, Ramani. Jambo hili linataka mtu mzima." Walimkuta mama anashona upindo wa gauni. Ramani alisema yote kwa pumzi moja, hakuficha hata wale wateja na sifa zao. Mama alisimama akaiacha cherehani vile vile, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Ramani hakuwahi kumwona mama yake akiiacha kazi hivyo, na hilo lilimtisha kuliko fimbo. Mama alichukua vitenge viwili rafuni, akamwambia jirani aangalie kibaraza, wakaondoka.

Zahanati ilikuwa imejaa hadi nje. Kinamama walikaa kwenye mabenchi, wengine chini, watoto wakilia kwa zamu. Nesi alipowaona alimtambua Ramani mara moja, akacheka kwa uchovu. "Ramani! Mwanangu, bwawa lako nimelitafuta mpaka jua limezama. Nimeingia saluni, nimefika hadi mtoni. Vijana wa kule wananiambia hapa hakuna bwawa, mama, labda unataka kisima. Nilikuwa napanga nikimaliza foleni hii nipande tena."

Kinamama wa mabenchini walicheka. Ramani aliona uso unamwaka. Huu ulikuwa wakati wa kusema, na watu walikuwa wengi mara kumi ya wale wa kibarazani.

"Nesi, jana nilikudanganya."

"Ah, hukunidanganya, mwanangu. Hukujua tu."

"Hapana," alisema Ramani. "Nilijua kwamba sijui. Nikaona aibu kusema. Huyu hapa ni dada yake yule mtoto, na mtoto hanyonyi, na miguu yake ina baridi."

Kicheko kikakatika. Nesi alimwita mwenzake ashike foleni, akachukua begi na mizani, na kabla Ramani hajafuta machozi walikuwa tayari barabarani.

Safari hii aliyetangulia ni Wa Dirishani. Ramani alifuata nyuma, jambo ambalo hakulizoea hata kidogo. Walipita saluni, wakapita pale penye nyumba zilizokaa juu ya bwawa, na hapo mji wake ukaisha. Mbele vichochoro vilipinda na kugawanyika, nyumba zote za matofali mabichi ya rangi moja, kamba za nguo zimekatiza kila mahali. Kwa Ramani kila kona ilikuwa sawa na nyingine. Lakini Wa Dirishani hakusita hata mara moja.

"Hapa kwa mama mwenye bata," alikuwa akisema bila kugeuka. "Hapa nguzo iliyopinda. Angalieni mtaro. Hapa bomba linalovuja. Hapa kuna mzee anapenda kusalimiwa, msalimieni."

"Shikamoo, babu!" wakasema wote wanne, wakihema.

"Marahaba, marahaba! Mnakimbizwa na nani?"

Nyumba ilikuwa na geti la mabati kama alivyosema nesi, na karibu yake matofali yalianikwa safu kwa safu. Ndani, chumba kilikuwa kimoja lakini kimefagiliwa, vyombo vimepangwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kitandani. Alipomwona nesi mlangoni, alifungua mdomo kusema karibu, badala yake akalia.

"Usilie, dada, tumefika," alisema nesi. Alinawa mikono, akampokea mtoto, akamfunua taratibu. Ramani alikuwa hajawahi kuona mtu mdogo hivyo. Vidole vyake vilikuwa kama njiti kweli. Alikuwa akipumua, lakini hakulia, na hilo lilionekana kumkosesha nesi raha. Akamgusa nyayo, akampima kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Amepoa. Mtoto kama huyu hana mafuta mwilini ya kujipasha moto, na akipoa anachoka hata kunyonya. Blanketi peke yake halimtoshi. Joto lake ni wewe, mama yake. Fungua kifua chako, umlaze hapa, ngozi kwa ngozi, mkao wa chura. Kichwa kiangalie pembeni apate hewa. Soksi na kofia abaki navyo."

"Atakaaje bila kuanguka?" aliuliza mama wa mtoto.

Hapo fundi cherehani akakunjua kitenge chake. "Niachie mimi, mdogo wangu. Kufunga kitu kisiporomoke ndiyo kazi yangu." Akawazungusha mama na mtoto pamoja, akavuta hapa, akalegeza pale, akapitisha chini ya makalio madogo ya mtoto, akafunga fundo ubavuni. Nesi alikagua, akaridhika. Kisha akamfundisha mama kukamua maziwa kwenye kikombe safi, akamnywesha mtoto tone kwa tone kwa kijiko. Tone la kwanza lilitoka pembeni. La pili likatoka. La tatu mtoto akameza, na watu wote chumbani wakameza mate pamoja naye.

"Vizuri," alisema nesi. "Sasa tunakwenda hospitali, wakamwangalie madaktari. Vivi hivi alivyofungwa, asitolewe kifuani njiani. Ingepita siku nyingine moja, tungekuwa na maneno mengine."

Jirani mwenye teksi alipatikana. Wa Dirishani alikaa mbele kwa dereva ili amwonyeshe njia ya kutokea. Gari liliposhuka, Ramani alibaki amesimama kando ya matofali, akilitazama mpaka likapotea.

Jioni, mama alirudi kwenye cherehani yake na kumalizia ule upindo. Ramani alikaa karibu naye bila kushona chochote. Alingoja maneno makali. Hayakuja.

"Mama, nipige basi yaishe."

"Nikikupiga ndiyo utakijua kile kichochoro?" Mama alikata uzi kwa meno. "Sikiliza. Mimi nimezaliwa hapa? Nilikuja na begi moja na cherehani ya kuazima, nikaelekezwa chumba cha kupanga. Nikaambiwa, pita kwenye josho la ng'ombe. Josho lilishabomolewa! Nilizunguka na cherehani kichwani mpaka shingo ikagoma. Nikajiapia kwamba mimi sitamfanyia mgeni hivyo. Na leo nikiulizwa, nasema nini?"

"Bwawani," alisema Ramani.

"Bwawani! Jana kama ningekuwepo hapa, hata mimi ningemwambia yule nesi bwawani. Kwa hiyo usidhani uko peke yako. Tofauti ni kwamba mimi ningekosea kwa mazoea, na wewe ulikosea kwa kutaka sifa."

Maneno hayo yalimwingia Ramani. Alilia kidogo, kisha akaanza kuokota vipande vya kitambaa chini ya meza kama kila jioni. Vilikuwa vya kila rangi, mabaki ya magauni na mashati na mapazia. Kwa kawaida vilijazwa kwenye mito. Ramani alishika kimoja chekundu, akakiangalia kwa muda.

"Mama, hivi tunavihitaji?"

Mtoto alilazwa hospitalini kwa muda, akatunzwa, akaanza kunyonya mwenyewe. Habari hizo zililetwa na Wa Dirishani kila asubuhi, na kila asubuhi Ramani alimsubiri kwenye geti la shule kuzipokea. Kwa hiyo walipoanza kazi yao ya vitambaa, hawakuwa tena watu wasiojuana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kichochoro cha kule juu kilipewa rangi yake, na kitambaa cha rangi hiyo kilifungwa kwenye nguzo ya kuingilia na kwenye kila kona yake. Mjumbe wa mtaa alikubali mara moja, maana hata yeye alikuwa akipotea, ila alikuwa haambii mtu. Wazee wa huku chini ndio walioleta maneno. "Mji mzima ufungwe matambara kama kwa mganga?" waliuliza. Na kule juu nako kulikuwa na mama mmoja aliyekataa katakata kichochoro chake kuwa kahawia. Alitaka waridi. Wakampa waridi.

Walitembea mchana, baada ya shule, vumbi hadi magotini. Ramani alibeba vitambaa, Wa Dirishani aliongoza, na Mgeni Mfupi alipandishwa mabegani kufunga, mpaka alipolalamika kwamba wafupi wanaonewa. Wiki ya kwanza mbuzi alikula njia yote ya kijani. Wakaifunga upya, juu zaidi, kwa misumari. Mvua ikaja, rangi nyekundu ikachuja ikawa kama ya chungwa, na watu wawili wakapotea kwa ajili hiyo. Mama akatafuta kitambaa kingine kisichochuja. Haikuwa kazi ya siku moja.

Lakini ilifanya kazi. Nesi alianza kupanda mlimani na kushuka bila kuuliza mtu, viatu vyake si vyeupe tena. Na siku mtoto aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nesi huyo ndiye aliyepita kibarazani na mizani yake, pamoja na mama wa mtoto na Wa Dirishani, kuonyesha mashavu mapya. Mtoto alilia kwa nguvu hadi wateja wakaziba masikio. Hakuna sauti iliyowahi kumfurahisha Ramani kama ile.

"Mshike," alisema Wa Dirishani, na Ramani akanawa mikono kwanza, kisha akamshika. Kile kichwa kilijaa kiganjani na kuzidi.

"Nesi," alisema Ramani polepole, "nadhani waache kuniita Ramani."

Nesi alicheka, lakini mama ndiye aliyejibu, na safari hii alitoa pini zote mdomoni. "Kwa nini? Jina ni lako, baki nalo. Ila jua jambo moja, na wewe Wa Dirishani usikie. Mji ulipokuwa mdogo, mtu mmoja aliweza kuujua wote. Sasa umekua, watu wanakuja kila siku, na hakuna atakayeujua wote tena, si mimi, si mjumbe, si nyinyi. Kila mmoja ana kipande chake. Kwa hiyo kusema sijui si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako atangetange juani ili wewe usifiwe. Anayesema sijui, halafu akamtafuta anayejua, huyo amesaidia. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa."

Hawajamaliza kuitikia, akatokea bwana mmoja barabarani. Alikuwa na godoro kichwani, sufuria zikigongana mgongoni, na nyuma yake watoto wawili wameshikana mikono. Aliweka godoro chini kwa kishindo.

"Samahanini jamani. Nimeambiwa nije hapa niulize kwa Ramani. Natafuta kwa fundi bomba, kule juu."

Wateja wote wakamgeukia Ramani, kama siku ile. Na Ramani akasema kwa sauti, bila kuinamisha kichwa, "Sijui, baba. Lakini usiondoke. Mwenzangu huyu anakaa huko, yeye anajua."

Wa Dirishani alijiweka sawa. "Umeambiwa kitambaa cha rangi gani?"

"Zambarau."

"Zambarau?" Wa Dirishani alimtazama Ramani. Ramani akamtazama Wa Dirishani. Njano walifunga, buluu walifunga, hata lile waridi la mama mbishi walilifunga. Zambarau hawakuwahi kuigusa. Kule juu, zaidi ya matofali, kulikuwa kumeota kichochoro kingine, na watu wake wakajifungia rangi yao wenyewe.

"Hata mimi sijui," alisema Wa Dirishani, na wote wawili wakaangua kicheko, bwana yule akiwatazama kwa wasiwasi.

Ramani alimrudisha mtoto kwa mama yake, akachukua sufuria zile kutoka mgongoni kwa mgeni. Wa Dirishani akawashika watoto mikono.

"Twende tukaitafute," alisema Ramani.

"Nendeni," alisema mama, akirudisha pini mdomoni. "Na mkiipata, mrudi mnielekeze na mimi."